Mama, Ule Ukuta Umetushindia

Mama yangu mpendwa,

Nimetoka shambani kwako Kabare sasa hivi, kwa miguu yangu miwili. Nakuandikia na viatu vikiwa bado na tope, na najua ungenigombeza.

Unakumbuka gari la yule mfanyabiashara liliponivunja mguu pale Kadutu? Halikuwa na bima, naye hakuniletea hata kidonge. Nilipopona, hospitali ilikataa kuniachilia kabla ya kulipwa. Ukauza shamba hilo, ulilolilima tangu sijazaliwa, ukaja kunitoa. Mimi nililia njia nzima. Wewe uliniuliza tu kama nina njaa.

Tukamshtaki mfanyabiashara yule. Alikuja mahakamani na koti lililochanika, yeye tuliyemzoea kwa suti! Akatoa karatasi za kuonyesha kwamba amefilisika, akamwambia hakimu:

"Sina kitu, papa juge. Hata nyumba iko ya ndugu yangu."

Nilikata tamaa. Wewe ukasimama bila kuitwa, beseni lako la sambaza, samaki wadogo uliokuwa ukiuza, likiwa miguuni.

"Pardon, papa juge. Miye napitaka pale ku ile nyumba na sambaza kila siku. Ku ukuta aliandika: nyumba haiuzishwe. Chini kuko jina ya nani, kama nyumba haiko yake?"

Mama, chumba kizima kilicheka! Nani Bukavu asiyejua kwamba anayeogopa ndugu zake wasije wakaiuza nyumba yake huandika ukutani kwamba haiuzwi? Yeye aliandika kwa rangi nyekundu, jina lake lote, na saini juu yake. Hakimu akatuma watu. Hata hati ya nyumba ikakutwa ina jina lake. Nyumba ilipoamriwa kukamatwa, muflisi wetu akapata pesa wiki ileile. Muujiza kabisa!

Umenikosea hapo tu, Mama. Hukungoja. Ulifariki mwezi mmoja kabla hajalipa, na siku niliyopokea pesa zile sikuwa na wa kupiga naye kelele za furaha.

Lakini nilijua pa kuzipeleka. Nilimfuata aliyenunua shamba, nikambembeleza mpaka akachoka, akaniuzia tena. Leo nimesimika ubao pale njiani, rangi nyekundu, herufi kubwa: SHAMBA HAIUZISHWE.

Chini yake nimeandika jina lako.

Pumzika sasa, Mama. Maharagwe nitapanda mimi.

Binti yako uliyemtoa hospitali