Kinasa Sauti Nilichokifuta

Jumamosi, Buganguzi. Mvua ilianza saa nne asubuhi na mpaka sasa, karibu saa kumi na moja jioni, haijaonyesha dalili ya kuchoka. Mimi nimechoka.

Wanaonisoma hapa wamezoea nije na simu za watu na matatizo yake. Leo simu ni ya baba yangu, na tatizo ni mimi.

Nafundisha kompyuta sekondari mjini Bukoba, naishi Kagondo, na katika ukoo wetu mimi ndiye fundi wa kila kitu chenye kioo. Shangazi akisahau neno la siri, aitwe Koku. Mwinjilisti akijaza simu yake video za kwaya mpaka igome, aitwe Koku. Nimezoea kusifiwa kwa hilo, na nisiwe mnafiki, napenda.

Mwaka jana wakati wa likizo nilikuja hapa nyumbani nikakuta simu ya Tata, ndivyo tunavyomwita baba, inajikokota. Ukigusa picha, ungeweza kumenya ndizi za mchana ndipo ifunguke. Ilikuwa simu ya bei ndogo, nafasi ndogo, na kiwanda kilikuwa kimeijaza programu ambazo hakuna aliyeziomba: michezo mitatu, duka la kununulia mapambo ya kioo, kitu cha kuhesabu hatua, wakati Tata hatua zake zote zilikuwa ndani ya kibanja, shamba letu la migomba linalozunguka nyumba, na alizijua bila kuhesabiwa.

Programu za aina hiyo hazifutiki hivi hivi. Mpaka uiruti simu, yaani uvunje kufuli la kiwanda na kujipa mamlaka yote juu yake, pamoja na mamlaka ya kuiharibu. Nikairuti. Tata alikuwa amekaa karibu yangu barazani akichambua kahawa kwenye ungo. Aliniuliza kama simu inaumwa sana. Nikamwambia inahitaji kupunguzwa uzito tu.

Kisha nikafungua orodha.

Wengi wenu mnaijua. Ni makala inayosomwa kuliko zote nilizowahi kuandika humu, ile ya programu ishirini za kiwandani unazoweza kuziondoa bila hofu. Juu yake niliweka onyo kwa maandishi mekundu: ukiondoa isiyofaa kuondolewa, simu itabaki inazungusha nembo na haitawaka tena. Nilionya kuhusu simu kufa. Sikuwahi kufikiria kwamba simu inaweza kupona vizuri kabisa, na bado kitu kikawa kimekufa.

Namba kumi na moja kwenye orodha ni kinasa sauti. Pembeni yake niliandika, kwa utani: "Nani anakitumia hiki?"

Nilifuta moja baada ya nyingine. Sikufungua hata moja kuchungulia ndani, kwa sababu orodha ilikuwa yangu na niliiamini. Sikuchukua nakala ya chochote. Picha zilikuwa kwenye memori kadi, namba za watu zilikuwa kwenye laini, nikajiambia mzee wa miaka sabini na tatu ana nini kingine? Saa ya kengele niliiacha kwa vile nilijua anaamka nayo. Nilipomaliza simu ikawa nyepesi, inaruka. Tata aliigusagusa, akacheka, akaniambia nimeifanya kijana.

Nilirudi Kagondo nikijiona.

Wiki mbili baadaye alinipigia. Nilikuwa nasahihisha mitihani, nikaweka simu begani ili mikono iendelee na kazi. Alinisalimia kirefu kama kawaida yake, akauliza habari za shule, habari za mvua za mjini, ndipo akasema, "Koku, kile cha kurekodia mbona sikioni."

Nikamwambia, "Tata, kile kilikuwa kinakula nafasi bure. Nikija nitakuwekea kingine kizuri zaidi."

Nakumbuka nilisahihisha swali zima kabla hajasema tena. Halafu akasema, "Basi. Acha tu."

Sikuuliza alikuwa amerekodi nini. Ingenichukua sekunde tatu kuuliza.

Mwezi wa pili mwaka huu Tata alifariki. Presha. Tulimzika hapa hapa kibanjani, katikati ya migomba yake, mahali walipozikwa pia wengine wote wa nyumba hii. Kingine kizuri zaidi sikuwa nimemwekea.

Jana jioni nilikuja kwa sababu kaka yangu Mugisha, anayefanya kazi Mwanza, anataka kujenga sehemu ya chini ya kibanja. Tofali zimeshashushwa barabarani. Mafundi wanaanza kuchimba msingi Jumatatu. Mama aliniomba nije kabla hawajaanza, akasema nilete na kompyuta yangu. Nilidhani anataka kuangalia picha za mazishi.

Leo saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla mvua haijaanza, tulikuwa jikoni. Mama anapuliza moto, mimi namenya ndizi. Simu ya Tata ikalia juu ya kabati la vyombo. Sikujua kama bado inawashwa. Mama alifuta mikono, akaenda akaizima sauti taratibu. Akanieleza kwamba huichaji kila siku kwa jirani mwenye sola kubwa, kwa sababu huwa inalia kila asubuhi isipokuwa Jumapili, na yeye huona ni kama bado anaamshwa.

Nikaichukua nione inasema nini. Chini ya saa kulikuwa na neno moja, ambalo Mama hawezi kulisoma bila miwani yake.

Watoto.

Nikafungua kengele zote. Zilikuwa sita, kila siku na jina lake, zimeandikwa kwa vidole vya mtu asiyezoea kuandika kwenye kioo. Mpaka wa juu. Kaburi la babu. Kaburi la bibi. Milamula mitatu, ule mmea tunaopanda huku kuonyesha mwisho wa shamba. Njia ya maji. Na ya Jumamosi, Watoto.

Nilimuuliza Mama ni watoto gani. Aliendelea kupuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka.

Kabla yangu walizaliwa wengine wawili, hilo nililijua kwa kulisikia juu juu. Ambacho sikukijua ni kwamba wamezikwa hapa. Mmoja aliishi siku nne, mwingine hakufikisha hata moja. Mara zote mbili Mama alikuwa bado yuko kitandani, na Tata na baba mdogo ndio waliotoka nao, wakaenda nao sehemu ya chini. Hapakuwekwa msalaba wala jiwe. Baba mdogo naye alishafariki. Miaka yote hiyo Mama hakuuliza ni wapi, na Tata hakusema, ingawa walilala kitanda kimoja na kulima shamba moja. Ananiambia alikuwa akipalilia huko chini anakanyaga kwa uangalifu kila mahali.

Ndipo mwaka jana, kabla kidogo ya mimi kuja likizo, Tata akaanza kutoka na simu asubuhi kengele ikilia. Kwa wiki nzima Mama alimsikia akizungumza peke yake kwenye migomba, kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Siku ya mwisho alirudi macho yakiwa mekundu, chai hakuinywa. Alimwambia Mama kwamba amemaliza, kila kitu amekiweka ndani ya simu, hatua kwa hatua kutoka kwenye mti mpaka kwenye mti, na yeye akishaondoka Koku atakuja awafungulie wasikilize.

Alisema Koku. Alinitaja mimi kwa jina.

Nadhani alishindwa kumwambia Mama uso kwa uso. Ile simu haikuwa na macho wala machozi, kwa hiyo aliweza kuiambia. Namwelewa. Mimi pia hapa naiambia blogu kitu ambacho mtu aliyekaa hatua kumi kutoka kwangu hajakisikia.

Maana Mama alikuwa amejiandaa. Baada ya chai aliingia ndani akatoka amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani, akaweka kiti karibu na meza yangu, akafunga mikono mapajani. Nilielewa kwa nini alitaka kompyuta. Amesubiri tangu mwezi wa pili, akaona asinisumbue shuleni, lakini sasa majembe yanakuja.

Nilitafuta kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Naujua ugonjwa wa simu hii kwa sababu ni mimi niliyeusababisha. Kinasa sauti kile hakikuhifadhi sauti kwenye memori kadi. Kilikuwa na chumba chake ndani kabisa ya simu, na programu ikifutwa huondoka na chumba chake na vyote vilivyomo. Baada ya hapo simu iliendelea kutumika miezi mingi, picha na nyimbo mpya zikaandikwa juu ya mahali pale pale. Niliendesha kila programu ya kufufua vitu ninayoijua. Zilirudi picha za kwaya, picha ya kidole cha Tata, picha ya ndama. Sauti hakuna.

Kila baada ya muda Mama aliniuliza, "Umempata?"

Hakusema umezipata. Na mimi nilimjibu, "Bado natafuta, Mama." Mara ya mwisho nilipojibu hivyo kompyuta ilikuwa imeshamaliza kutafuta na mimi nilikuwa naangalia kioo kitupu. Akaniambia nisijichoshe, akaenda kunitafutia parachichi.

Saa tisa nilitoka na mwavuli mpaka kule chini. Nilitaka kuona labda ardhi yenyewe inaonyesha kitu. Ni migomba, mibuni michache ya zamani, na majani makavu yaliyotandazwa kila mahali kama tunavyotandaza ili udongo usikauke. Kamba za mafundi zimeshafungwa kwenye vijiti, mstatili mzuri kabisa. Nilisimama nje ya kamba. Nikaona aibu kuweka mguu popote, na ilikuwa lazima niuweke mahali ili nirudi.

Nikampigia Mugisha nikiwa pale pale mvuani. Nilimweleza yote: kuruti, orodha, namba kumi na moja, ile siku Tata aliponipigia. Sikujitetea. Hakunikatiza, na Mugisha ni mtu wa kukatiza.

Mwisho akauliza, "Kwa hiyo Koku, tusichimbe wapi?"

Nilitazama huku na huku. Nikamwambia, "Popote, kaka."

Ameshalipia tofali, ameshaomba likizo kazini. Akasema atawaambia mafundi wasije, nyumba itasubiri, au itajengwa kule juu karibu na barabara ambako hakupapenda. Kisha akauliza kama Mama anajua. Nikasema hapana. Akaniambia hilo hawezi kunisaidia.

Nimerudi nimeifungua ile makala. Chini yake kuna maoni mapya, mtu wa Muleba mjini ananishukuru kwamba ameisafisha simu ya bibi yake kwa kufuata orodha yangu na sasa inakimbia. Nimemwandikia hapo hapo nikimuuliza kama alichungulia ndani kabla ya kufuta. Hajajibu. Makala nimeiondoa. Wanaoitafuta watakuta ukurasa huu, na kama umekuja kwa ajili ya orodha, nisamehe, sina tena. Simu ni yako, lakini kabla hujaondoa chochote, muulize mwenye kuitumia alikuwa anakifanyia nini. Muulize, umsubiri ajibu.

Mama bado amevaa kile kitenge. Yuko sebuleni, simu ya Tata iko mapajani mwake, anaipangusa kioo kwa ncha ya nguo. Ningeweza kumwambia sasa hivi. Nimeinuka mara mbili nikakaa. Najiambia mvua inapiga bati kwa nguvu, hatanisikia, na nikipaza sauti itakuwa kama nagomba. Najua ni kisingizio. Lakini neno hili nataka alisikie mara moja tu, vizuri, bila mimi kulirudia.

Nitamwambia asubuhi, kabla hatujaenda kanisani, kisha nitamwomba anipeleke kule chini anionyeshe anavyokanyaga.

Kesho ni Jumapili. Tata hakuiwekea kengele. Itabidi niamke mwenyewe.