Kaburi Lililomsubiri Baba Yako

Mjukuu wangu Elia,

Huku Ihanja hatujambo, ila mguu bado unaniuma na mtama umekauka shambani. Unaniuliza kama ugombee umoderata wa presbiteri, uwe mkuu wa wachungaji wa eneo lote. Mjukuu wangu, moyo wangu unaogopa.

Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, baba yako alikuwa mchungaji kijana kama wewe, naye akautaka umoderata huo huo. Akawa anazunguka kwa wazee wa kanisa wa mbali, akiwaomba wamchague. Huku nyuma jirani yetu Mzee Njiku akafariki. Kwetu mchungaji ndiye hutupa udongo wa kwanza, basi tukamsubiri siku mbili, kaburi liko wazi. Mwishowe mjane akasema, "Fukieni, jamani. Mchungaji wetu anatafuta ukubwa." Udongo wa kwanza nikautupa mimi mama yake, kwa aibu.

Baba yako akachaguliwa. Aliporudi akaenda kumpa mjane pole. Mama yule alizoea kumwita mwanangu. Siku hiyo akamwekea kiti, akasema, "Karibu, moderata." Mpaka anakufa hakumwita mwanangu tena.

Sikukatazi, Elia. Baba yako mwenyewe hakuwahi kunisimulia furaha ya cheo kile.

Bibi yako, anayekuombea kila asubuhi.