Nusu saa ya Mama Neema

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, mto Mulongwe una rangi ya chai ya maziwa. Moyo wangu vilevile.

Leo tumebadilisha mtandao wa biro, ofisi yetu. Ruta, kisanduku kinachogawa mtandao, huikopesha kila kompyuta adresi, namba ya kuingilia mtandaoni. Muda ukiisha, mashine inaomba tena. Jana nilipunguza mkopo uwe wa nusu saa, ili leo zote zihamie haraka kwenye adresi mpya. Hayo sikufundishwa chuoni. Nilijifunza kwa kuharibu.

Asubuhi shefu, mkubwa wetu wa kazi, aliingia, akafunga mlango. "Mashine ya Mama Neema usiipe adresi. Mkataba wake umeisha, sitaki aguse mafaili. Nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu."

"Ndiyo, shefu."

Jibu hilo nina kipaji nalo.

Mama Neema ni sekretere wetu. Kila siku hutusomea barua pepe za biro kwa sauti, kama anatangaza ndoa kanisani. Leo alikuja na viatu mkononi, matope hadi magotini. Kwenye skrini yangu niliiona mashine yake: inaomba, nakataa, inaomba, nakataa. Mashine haina aibu.

"Weye mtoto, juu ya nini koneksyo iko inakata kwangu tu?"

"Mama, labda haukulipa zaka!" wenzetu wakamtania.

"Nililipaka! Shetani iko mu kamba yenyewe."

Alicheka kutushinda sote. Mimi nikainama chini ya meza, nikaitikisa kamba ya mtandao isiyo na kosa lolote, kwa uso wa daktari.

Kisha akaninong'oneza. Ripoti yake ilitakiwa Bukavu kabla ya adhuhuri. "Ikichelewa, batanifukuza. Nisaidie, baba."

Huruma ikanishika. Nikampa adresi. Nusu saa tu, ya ripoti.

"Yesu asifiwe, imekuja!" Akanibariki mbele ya wote, akatuma ripoti. Halafu akafungua barua zilizomngoja, akaanza kutusomea ya juu, kwa sauti ile ile: "Tunakushukuru kwa huduma yako ya miaka yote..."

Mstari wa tatu ndipo alipojua ni yake.

Wenzetu wakageukia skrini zao.

Shefu alikuwa ameshaondoka kwenda Kamanyola. Barua aliiacha, kinywa chake alikwenda nacho.

Mama Neema aliizima mashine taratibu, kama kila jioni, akachukua viatu vyake. Nusu saa ikaisha. Nikangoja mashine iombe tena. Haikuomba. Adresi ikarudi kapuni, inamsubiri mwingine.

Kesho shefu atarudi, ataniuliza kama kazi ilikwenda vizuri.

Najua nitakavyojibu.