Nani Anageuza Mayai Yangu?

Jumatatu, 2 Juni

Yameingia! Mayai thelathini, yote kutoka kwa jirani yangu muuza kuku, yule tunayemwita Mama Vifaranga. Yako ndani ya lile friji bovu ambalo mume wangu amekuwa akitishia kulitupa tangu mwaka jana. Nimelilaza chali. Balbu mbili, kifeni cha kompyuta iliyokufa, kisahani cha maji chenye sponji, na kipimo cha joto na unyevu. Mlangoni nimetoboa dirisha la kioo. Mume kacheka mpaka kakohoa. Eti sasa mke wake ameanza kuatamia.

Acha acheke. Mtu kama mimi, aliyeacha cherehani yake kwenye karakana ya ushonaji ya Madamu ili akae na mama mkwe, mikono inamwasha tu.

Friji liko chumbani kwa Mama mkwe, maana hapo hakuna jua kali wala upepo. Hakulalamika. Tangu aanguke bafuni hanyanyuki kitandani. Mimi ndiye wa kumwosha, kumvalisha, kumgeuza asipate vidonda. Sasa nina wa kuwageuza thelathini na mmoja.

Kila yai nimelichora kwa penseli: X upande huu, O upande ule. Nikigeuza, nageuza yote, nijue nimeishia wapi.

Jumatano, 4 Juni

Unyevu sabini! Mama Vifaranga alisema hamsini, hamsini na tano ikizidi sana, mpaka siku za mwisho. Ukipita hapo maji ya yai hayapungui, nafasi ya hewa inakuwa finyu, kifaranga kinazama humohumo kwenye ganda. Kuzama ndani ya yai! Nimeshtuka hadi nikaacha sufuria inaungua. Nimetoa sponji, nimefungua tundu la pili la hewa. Ujumbe wake wa sauti nimeusikiliza mara tatu, simu juu kabisa, mpaka Mama mkwe kitandani akasema hata yeye sasa mtihani huo angefaulu.

Joto zuri. Thelathini na saba na nusu, halitikisiki.

Jumamosi, 7 Juni

Kuna kitu hakiko sawa nyumba hii.

Nilitoka kununua balbu ya akiba. Niliacha X zote juu. Nina hakika, nilizikagua moja moja kabla sijatoka. Nimerudi — O! Yote! Mlango wa nje nilifunga kwa ufunguo. Mume yuko kazini, boharini. Mama mkwe amelala, kaelekea ukutani.

Nimekaa sakafuni hapo hapo. Nimemwuliza Mama kama kuna mtu aliingia. Akasema hajasikia hata panya.

Au ndiyo nachanganyikiwa? Mume nilipomwambia akanishika paji la uso. Eti nipunguze kukaa na friji.

Jumanne, 10 Juni

Leo kumulika. Nilizima taa, nikaweka tochi chini ya yai la kwanza, na nilipiga kelele! Mishipa! Midogo, myekundu, imetandaa pande zote, na katikati nukta inarukaruka. Huo ni moyo. Ndani ya friji letu bovu kuna mioyo. Mayai manne tu ndiyo matupu, nimeyatoa.

Mama mkwe akaomba aone. Nikampelekea moja mpaka kitandani. Alilishika yai kwa mikono miwili. Halafu akasema, kumbe anahangaika tangu sasa, kabla hata hajazaliwa.

Ila kisahani cha maji. Asubuhi nilikiacha nusu. Mchana, nikitoka sokoni, kimejaa. Nimetia kidole. Maji ya uvuguvugu! Hata huyo shetani anajua kwamba maji baridi yangeshusha joto.

Alhamisi, 12 Juni



Nilisahau pochi. Nikarudi kwa njia ya nyuma, napita dirisha la Mama, pazia limepeperuka kidogo. Nikaona mtu amesimama kwenye friji. Mgongo. Gauni la kulalia nililomvalisha mimi asubuhi, kwa jasho, mkono mmoja mmoja.

Mama mkwe. Kasimama! Hana fimbo, hajashika ukuta. Anageuza mayai moja moja huku anaimba puani. Alipomaliza akafunga mlango wa friji, akaangalia kipimo, akaenda jikoni — akaenda! — akarudi na kikombe cha maji. Kisha akapanda kitandani, akavuta shuka hadi kidevuni, akaugeukia ukuta.

Sikuingia. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nje kama mgeni. Sijui nilikaa muda gani. Nilipoingia niligongagonga mlango makusudi, nikakohoa. "Umerudi, mwanangu?" akasema kwa ile sauti ya mgonjwa. "Naomba unigeuze, mbavu zinaniuma."

Nikamgeuza.

Jumamosi, 14 Juni

Nina hasira! Miezi minne! Kiuno changu nimekifanya winchi. Leo wakati wa kumwogesha akasema, "Polepole, mwanangu, miguu hii hainisikii." Macho makavu! Nilibakiza kidogo nimmwagie ndoo nzima aone kama haitamsikia.

Sasa nakumbuka. Yule mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa akija kumnyoosha Mama miguu alisema mfupa umeshika vizuri, kilichobaki ni kutembea tu. Mume akamkataza asije tena. Eti anamchosha Mama.

Nimwambie mume? Nitaanzaje? "Mama yako mwongo." Neno hilo halitaki kutoka mdomoni. Kwanza nataka nijue ni kwa nini. Mtu mzima, mwenye heshima zake, anakubali kuoshwa kama kichanga, kwa sababu gani?

Na mayai yanaendelea vizuri mno, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Yanageuzwa kuliko ninavyoyageuza mimi.

Jumanne, 17 Juni

Madamu kapiga simu mwenyewe. Sare za shule zimeingia, mafundi hawatoshi, na cherehani yangu imekaa imefunikwa gubigubi. Amenisubiri kwa sababu ni mimi, kasema, angekuwa mwingine asingengoja. Mwisho Jumanne ijayo. Nisipotokea asubuhi anampa binti mmoja aliyemaliza chuo.

Cherehani ile! Naijua kwa sauti. Nilipoolewa nilikuwa naishonea tayari. Nimelia bafuni, nikanawa uso, nikatoka.

Jioni nikamweleza mume. Hakuinua hata kichwa kwenye sahani. "Na Mama je?"  Mama mkwe alikuwa anasikia yote, mlango wake ulikuwa wazi. Hakukohoa, hakuomba maji.

Ijumaa, 20 Juni

Leo ndiyo siku ya kufunga. Hakuna kugeuza tena, hakuna kufungua mlango mpaka watoke. Vifaranga wameshajipanga kichwa kuelekea kwenye hewa, ukiwageuza unawavuruga. Na unyevu lazima upande, sitini na tano mpaka sabini. Ukifungua, mvuke wote unatoka, ile ngozi nyembamba ndani ya ganda inakauka na kuwabana, wanakufa wakiwa wameshatoboa. Wafike mlangoni halafu wafe!

Lakini kuna mtu atageuza. Nikitoka tu, atageuza. Nifanyeje?

Nikasimama katikati ya chumba, nikaongea kwa sauti, nikilitazama friji. Kuanzia leo mtu asiguse. Asifungue hata kwa huruma. Akifungua atawaua. Sponji mbili nimeweka, maji yanatosha.

"Unaongea na nani, mwanangu?" Mama kauliza toka kitandani.

"Naongea na mayai, Mama."

"Mayai yamesikia," akasema.

Nimetoka mbio jikoni. Sijui kama nilikuwa nacheka au vipi.

Jumapili, 22 Juni

Unyevu sitini na nane. Jana nilitoka mara mbili kwa makusudi. Haukushuka hata nukta.

Na wanalia! Sauti nyembamba kabisa, ndani ya ganda. Mama anasikiliza, najua anasikiliza, kaacha kukoroma kule kwa uongo.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika ili mikono isiende kufungua friji. Wanatoboa. Saba tayari wana tundu. Mmoja ametoka nje kabisa, amelowa, mbaya wa sura, hajiwezi. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi.

Nianze tangu mchana. Nilikwenda kwa Mama Vifaranga kuchukua boksi la kuwalelea. Nikiwa huko feni lake likazimika. Umeme! Niliacha boksi, viatu nikavishika mkononi, nikakimbia barabara nzima watu wananishangaa. Balbu zimezimika, vifaranga wanatoboa, joto linashuka, wamelowa, watakufa wote.

Nimeingia, mkono wenyewe kwa mazoea ukatia komeo mlangoni, nikaenda moja kwa moja chumbani. Mama mkwe amesimama kwenye friji. Akageuka, akaniona. Hakukimbilia kitandani. Alisimama palepale na birika mkononi, akasema:

"Nimefungua mara moja tu, upesi. Nimeweka chupa mbili za maji ya moto kule pembeni, mbali nao. Blanketi langu nimelifunika juu, matundu ya hewa nimeyaacha wazi. Ulisema nisifungue, lakini ningewaacha wafe?"

Nikaangalia kipimo. Thelathini na saba. Unyevu sitini na tatu, na unapanda.

Nilitaka kusema mengi niliyoyatunga usiku na mchana. Likatoka moja tu. "Mama, kwa nini?"

Akakaa pembeni ya kitanda. Akaniambia nami nikae. Kasema alianza kutembea kabla mayai hayajaja, akamwambia mwanawe kwanza, kwa furaha. Mwanawe! Kumbe mume wangu anajua. Anajua! Alifunga mlango wakazungumza wawili tu. Akamwambia, "Mama, wewe lala tu, mpaka yule Madamu achoke kumsubiri. Akirudi kule hatanisikia tena."

Ananiona nikiinama na ndoo kila siku. Ananipaka dawa ya mgongo, yeye mwenyewe, kwa mikono yake! Ananiuliza wapi panauma.

"Nami nikakubali," Mama kasema. "Simsingizii mtu. Nilidhani wiki mbili. Na wewe unanitunza vizuri, mwanangu, tangu nizaliwe sijatunzwa vile. Nikanogewa. Halafu ukaleta hao." Akaonyesha friji kwa kidevu. "Nimechoka kulala. Nilitaka na mimi nishike kazi."

Nilimchukia, na nikamshika mkono. Vyote viwili kwa pamoja. Tumekaa hivyo mpaka umeme ukarudi, balbu zikawaka, na wa kwanza akatoka kwenye ganda. Tukapiga kelele wote.

Akauliza Madamu anafungua saa ngapi kesho. Nikamwambia mapema, saa moja. Akaitikia kwa kichwa, basi.

Mlango. Mume. Anavuta, komeo linamkatalia. Anagonga. "Mke wangu! Umelala? Fungua bwana, nimechoka!"

Nimeinuka. Mama kanishika bega, kanirudisha kwenye kiti. Ana nguvu!

"Kaa na watoto wako," kasema. "Huyo ni wangu."

Anakwenda. Namsikia ukumbini, hatua zake, haziburuti. Mume anagonga tena, eti mimi ni kiziwi siku hizi. Komeo linavutwa. Mlango umefunguka.

Mume kakutana na mama yake, wima. Bado hajasema kitu.