Sufuria Yetu Kwenye Kitabu cha Kiprono

Nakuru, Jumatano. Mwaka wa kumi na nane tangu tuondoke.

Mama Njeri mpendwa,

Mimi mzima, na baridi ya asubuhi huku ni ile ile. Juzi jirani yetu wa zamani, Kiprono, alinipa riwaya aliyoandika, ya upelelezi na vichekesho, na jana akaninunulia chai kule Milimani. Katika riwaya hiyo mume na mke wanatafuta sufuria iliyopotea harusini. Wewe ndiye uliyepaka sufuria zetu rangi ya kucha chini ya ukingo kabla ya kuziazimisha, na mimi ndiye niliyepiga magoti jikoni kwa mke wa pasta nikaiona alama. Kitabuni aliyepiga magoti ni Kiprono. Nilikuwa nimekisoma chote kabla ya chai hiyo. Kinachekesha, na kila nikicheka wivu unazidi.

"Mimi niko ukurasa gani?" nilimuuliza.

"Mzee, nyinyi mlihama. Nani angebaki kupeleleza?"

"Hatukuhama. Tulifukuzwa."

Alikoroga chai yake mpaka ikapoa. "Basi rudini. Mkirudi nawaweka kwa kitabu cha pili, na wewe utakuwa mjanja kuliko mimi."

Nilitamani kukubali, ili tu nimshinde mbele ya wasomaji wake. Lakini nilikumbuka ulivyotembea bila viatu usiku ule tuliofukuzwa, na siwezi kukurudisha huku kwa ajili ya kitabu.

Meza dawa zako, na usilime jua likiwa kali. Nimekukosa kuliko nilivyodhani. Nimemjibu Kiprono kwamba hatutarudi kuishi huku.

Baba Njeri