Nimemsamehe Mama wa Kuazima

Yanina rafiki yangu, nimefanya kitu cha aibu!

Ofelia, yule mshauri wangu, kasema nimekwama maishani kwa sababu ya mama. Akanitaka nichague mtu kwenye kikundi chetu cha ushauri asimame badala ya mama. Nikamchagua mama mmoja nisiyemjua hata jina. Nikamfokea, "Uliniacha kwa bibi miaka sita!"

Akalia. "Nisamehe, mwanangu."

Nikamkumbatia. Nikamsamehe, Yanina! Hapohapo!

Kugeuka, mama yangu yuko mlangoni. Alikuja kunichukua, kashika empanada za moto, zile kama sambusa, alizonipikia. Kasikia yote.

Kufika nyumbani ndipo akaniuliza, "Yule kakuomba msamaha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja tu?"

Yanina, mama huniomba msamaha kila Krismasi. Nami huinuka nikaoshe vyombo.