Moshi wa Nyumba ya Mtarakwa

Nairobi, 14 Septemba 1975

Mama mpendwa,

Natumaini kifua hakikusumbui na baridi ya Kiganjo. Mimi ni mzima, ila barua ya Kaka Mutahi imenikaa moyoni. Anasema mwezi wa Aprili ataibomoa nyumba yetu akujengee ya mawe kama yake, kwa sababu hii inakula kuni na bado unatetemeka. Baba alizipiga randa mbao zile za mtarakwa kwa mikono yake. Nikizifikiria zikilala chini, nashindwa kusoma.

Nimemwomba, nyumba ikipata joto kabla ya Aprili hiyo, asiibomoe. Tafadhali mwite fundi Ndungu. Azibe nyufa kwa ndani, kwa udongo, majivu na mavi ya ng'ombe. Nje mbao zibaki kama Baba alivyoziacha. Chini ya bati aweke dari ya mianzi. Mafiga ayazungushie udongo, abakize mdomo mdogo wa kuni, na bomba la kutoa moshi nje. Ndivyo tunavyofundishwa hapa chuoni.

Binti yako,
Watiri

Kiganjo, 30 Novemba 1975

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na ng'ombe amezaa. Ndungu amemaliza. Alicheka sana: "Ati chuo kikuu kinafundisha kukandika? Basi nyanya yangu alikuwa profesa." Lakini mzigo wa kuni wa siku tatu sasa unafika siku saba, na macho hayaniwashi tena. Mutahi alikuja baada ya kanisa, akavua koti bila kuambiwa. Nikamuuliza anaonaje. Akasema, "Ngoja Aprili."

Mama yako

Kiganjo, 22 Machi 1976

Watiri,

Niko mzima, lakini leo siandiki kwa furaha. Jana nilishusha mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya jiko. Nilipoyashika yakawa unga. Fukusi wameyamaliza. Miaka yote moshi ndio ulioyalinda, na sisi tumeutoa nje kwa bomba. Hata mimi sikufikiri. Nilikuwa nafurahia macho yangu. Mutahi amesema, "Hiyo ni nyumba ya kitabu," na amekuja na kamba ya kupimia msingi.

Mama yako

Nairobi, 26 Machi 1976

Mama,

Pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa chini. Kosa ni langu. Nimekua nikilala karibu na mahindi yale, na sikuwahi kuuliza kwa nini yako pale.

Ndungu akate bomba darini, aliingize katika sanduku la bati lenye mlango, juu ya jiko kabisa. Mbegu zikae humo, moshi uzipitie ndipo utoke nje. Lakini safari hii, kabla hajashika nyundo, mwambie wewe pale nilipokosea.

Binti yako,
Watiri

Kiganjo, 2 Mei 1976

Binti yangu,

Mvua imeshika vizuri, nasi tuko salama. Nimepanda mbegu alizonipa jirani yetu Ngendo.

Ulikosea mahali pamoja. Zamani mahindi yalining'inia juu darini, lakini ndani ya bati juu ya jiko kabisa ni moto, mbegu ingeiva kama ya kula. Sanduku nimeliweka karibu na ukuta, pale bomba linapotokea nje. Mutahi aliliona akasema ngoja tujaribu. Tukaweka punje kumi za Ngendo humo wiki mbili, kisha tukaziotesha. Tisa zimeota. Alizihesabu mwenyewe, akamaliza chai yake.

Kisha akasema, "Mama, hii iache isimame. Watiri hawezi kuja kuiangalia yangu ya mawe? Watoto wanakohoa kwa moshi."

Nikamwambia akuandikie. Anaona haya. Basi njoo likizo hii, umpangie yake. Lakini utalala huku.

Mama yako